Mkwe Anayevua Perege

Katika ukuta mzima wa bwawa letu hakuna anayenizidi mimi Honorata kuvua perege kwa ndoano. Hilo halina ubishi. Waliokuwa wakinizidi wamekufa wote, na vijana wa siku hizi wanatumia nyavu, kwa hiyo nimebaki kushindana na ndege mnandi, naye kila siku ananishinda.

Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kumwona jirani yangu Kasaine akishika ndoano. Alikuja asubuhi moja amevaa koti la mtumba la sufi, refu hadi magotini, lile wanalovaa watu wa nchi za barafu, na kofia ameivuta mpaka ikameza masikio. Jua la huku tambarare mnalijua. Alikuwa anatoka jasho kama ugali uliofunikwa. Yote hayo ni ili watu wasijue kwamba Mmasai anavua samaki. Na kweli, kila aliyepita njia ya Same alisimama akaniuliza, "Bibi, yule Mmasai aliyevaa koti anafanya nini kule kwenye mawe?"

Alipanda jiwe refu kuliko yote, akasimama wima, kivuli chake chote kimelala juu ya maji. Mshipi alikuwa ameuzungusha kwenye kiganja kama kamba ya fahali. Akautupa kwa nguvu zote, kama mtu anayemrushia fisi rungu. Samaki wote wa upande ule walihamia Mwanga.

Nilimwacha mpaka jua likawa kali, kisha nikasogea.

"Shikamoo, bibi," alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini hapo juu?"

"Napunga upepo tu."

"Na huo upepo unaupunga kwa ndoano?"

Nikamwomba nione chambo chake. Akavuta mshipi taratibu, shingo imeinama, akanionyesha.

"Nyama," alisema.

"Naona ni nyama. Ya nini?"

"Ya mbuzi. Ya paja." Hapo sauti ilipanda kidogo.

"Paja! Mimi sijaonja paja tangu Krismasi, wewe unawalisha perege?"

"Kwani wao wanataka utumbo?"

"Wanataka majani."

Akanitazama usoni kuona kama namdhihaki. Kwa kawaida mtu akinitazama hivyo huwa namdhihaki kweli, ila siku ile sikuwa na sababu. Nilimshika mkono nikamteremsha hadi maji yanapogusa ukuta, nikamwonyesha ule ukoga wa kijani ulioota kwenye mawe kama nywele. "Perege wa hapa wanakula hiki," nikamwambia. "Unakichuma, unakisokota kwenye ndoano mpaka chuma chote kifichwe, unakishusha karibu na jiwe. Humrushii mtu. Unamwandalia."

Kasaine alichuchumaa. Akayatazama yale mawe kwa muda mrefu sana, hadi nikadhani amesinzia. Kisha akanyoosha kidole.

"Hapa wamelisha jana," alisema. "Hapa leo asubuhi. Pale bado pana majani, watakuja pale."

Nikaangalia. Kweli, ukoga ulikuwa umekwanguliwa vipande vipande. Marehemu mume wangu Eliezeri, aliyenifundisha kuvua, hakuwahi kuniambia jambo hilo.

"Wanatoka saa ngapi kwenda malishoni?" aliniuliza.

"Nani?"

"Hawa."

"Jua likishapasha mawe."

"Kama mbuzi," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Macho alikuwa nayo, basi, ila mkono hakuwa nao. Boya lake lilikuwa kipande cha ndala, na kila lilipotikisika aliuvuta mshipi kana kwamba anaokoa ndama kisimani. Ndoano ilipita juu ya kichwa chake ikanasa mgongoni mwa koti. "Perege hanyakui, anachuma," nikamwambia huku nikimnasua. "Boya likitetemeka, mwache. Likianza kuzama polepole kama mtu anayesinzia kanisani, ndipo unyanyue kiganja. Kiganja tu, siyo bega."

Siku hiyo hakupata. Siku iliyofuata hakupata. Alipompata wa kwanza aliruka nyuma, akamwangusha, akamfunika kwa pindo la koti kama mtu anayezima moto. Hakutaka kumshika. Alipomshika, mwiba wa mgongoni ukamchoma. Akamfutika ndani ya koti huku akitazama njiani, damu inamtoka kidoleni.

"Bibi, hujaniona."

"Sijakuona, mwanangu. Ila rudisha mkia, unachungulia."

* * *

Ukame ule mnaukumbuka, sitausimulia. Aliyekuwa na ng'ombe alibaki na ngozi, na ngozi hazikuwa na mnunuzi. Kasaine alibaki na mbuzi wachache, akajenga nyumba nyuma ya kwangu, karibu na maji. Alitafuta kazi ya ulinzi Same, wakamwambia wanataka wenye vyeti vya mafunzo. Alitafuta kibarua cha kupalilia kule milimani Msangeni, wakamcheka anavyoshika jembe. Ndipo akaangalia bwawa. Kwa watu wa kwao samaki ni ndugu wa nyoka, na mtu anayemla hatofautiani sana na mtu aliyelaaniwa. Watoto nao hawajui hayo. Wao wanajua njaa.

Mengine ya ndani ya nyumba ile mimi sikuwepo, lakini mkewe Naserian alinisimulia, na asiyonisimulia niliyaona mwenyewe usoni mwake.

Samaki wa kwanza alimchemsha mzima, na magamba yake na nyongo yake. Wakala wote wamefumba macho. Kesho yake akaja kwangu kwa mlango wa nyuma, kanga imefunika kitu.

"Koko," aliniita, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, "kile kitu kinaoshwaje?"

"Kitu gani?"

"Kile."

"Sema perege. Hakiumi."

"Siwezi kusema, Koko. Nionyeshe tu."

Nikamwonyesha kupaa magamba na kutoa matumbo. Akaniomba awe anafanyia uani kwangu, maana magamba yakianguka kwake yanametameta na yeyote anayepita anaona. Tangu hapo ua wangu ukawa unang'aa kama harusi.

Lakini lililoniuma ni kibuyu. Kila asubuhi Naserian alichukua kibuyu cha maziwa, akakisugua ndani kwa kijinga cha moto, kama wafanyavyo wanawake wa kwao kabla ya kukamua, mpaka moshi mtamu ukapita kwa majirani. Hakuwa na ng'ombe wa kukamua. Alikifukiza kibuyu kitupu, akakitundika mlangoni, ili wanawake wanaokwenda bombani waseme, "Kwa Naserian wamekamua."

Hawakudanganyika. Siku moja bombani mmoja wao alimwambia mbele za watu, "Naserian, mbona leo kwenu kunanuka bwawa?"

"Ni upepo," alisema.

"Upepo huo umelala ndani ya kanga yako?"

Wakacheka. Alijitwika ndoo haijajaa, akaondoka. Njiani maji yalimmwagikia usoni, na huo ndio ulikuwa usalama wake, kwa sababu hakuna aliyejua yapi ni ya ndoo.

Mtoto wao mkubwa, Nashipae, alikuwa amefundishwa akiulizwa wamekula nini aseme maziwa. Ni mtoto mtiifu sana. Akasimama uani kwangu akatangaza, "Bibi, maziwa ya leo yalikuwa na miiba!"

* * *

Simu ilipigwa Kasaine akiwa kwangu, kwa sababu mtandao unakamata penye jiwe langu la kuanikia nguo. Aliyepiga alikuwa mzee Sindato, baba yake Naserian, kutoka kule Simanjiro. Walizungumza Kimaa. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, nasikia karibu yote, ila sijawahi kuwaambia. Mtu akijua unasikia anaacha kusema mazuri.

"Paashe," sauti ya mzee iliita.

"Paashe," Kasaine aliitikia.

Hayo ni majina ya heshima. Wamasai wakipeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina yao, wanaitana kwa ile zawadi. Siku Kasaine anaoa, mzee Sindato alimpa mtamba mwenye madoa tumboni, na tangu siku hiyo wao ni Paashe na Paashe, watu waliofungwa na mtamba mmoja. Mtamba mwenyewe alikufa katika ukame, amelala ubavu kwenye mchanga wa korongo. Mzee hakuambiwa.

"Mtamba wetu hajambo?"

"Hajambo."

"Amezaa?"

Kasaine alinitazama. Mimi nikatazama nguo zangu. "Amezaa," alisema.

"Vizuri. Nami wangu wazima, zizi limejaa. Paashe, nimesikia neno kwa wazee. Wanasema mkwe wangu anavuta vitu kutoka majini, na binti yangu anavipika. Sitaki kuliamini neno la sokoni. Nitakuja Jumamosi nimwone mtamba. Nikimkosa, nitajua na lile lingine ni kweli, na nitamchukua Naserian na watoto niwapeleke nyumbani kwenye maziwa."

Simu ilipokatika Kasaine aliketi chini pale pale, kwenye maji ya kufulia.

"Bibi," alisema baadaye, "nani anaweza kuniazima ng'ombe?"

"Ng'ombe! Mimi nimezoea watu wanaoazima chumvi."

Hakucheka. Akaenda kwa Yonas, mtu wa ukoo wake mwenye ng'ombe waliopona. Yonas alimsikiliza mpaka mwisho, akamwacha amesimama juani, akaita wake zake nao waje wasikie. Kisha akakubali. Ng'ombe mmoja mwenye madoa tumboni, na ndama wake, kwa siku moja.

"Lakini Kasaine," alisema huku wake zake wakiziba midomo, "usije ukamfundisha kuvua."

* * *

Mzee Sindato aliteremka kwenye bodaboda Jumamosi mchana. Mrefu, amenyooka, shuka yake imefuliwa, fimbo mkononi. Mimi nilikuwa nimeshajikaribisha mapema, nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango nikichambua maharage. Maharage hayo yalikuwa safi tangu jana yake.

Watoto walimwinamishia vichwa, akawagusa. Naserian alimletea kibuyu, na safari hii kilikuwa na maziwa, ya ng'ombe wa Yonas. Mzee alikunywa yote. Akakiinamisha tena kibuyu na hakikuwa na kitu, akakishusha taratibu.

"Maziwa yapo," alisema.

"Yapo, baba," alisema Naserian, macho chini.

"Na mtamba?"

Kasaine akamwonyesha. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye uzio, ndama ubavuni. Mzee alimwendea akimwimbia kwa sauti ndogo, kama unavyomwimbia mtoto uliyemwacha zamani. Akampapasa mgongo. Akainama akayaona madoa, na uso wake wote ukafunguka, nikadhani ametoka salama Kasaine. Kisha akashika sikio.

Alilishika muda mrefu. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba mahali palipokatwa alama.

"Paashe," alisema, "sikio la mtamba wangu nililikata mimi. Huyu amekatwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto."

Kwa kweli Yonas ni wa kushoto. Nani angekumbuka!

"Pengine," alisema Kasaine, "pengine limeota upya."

"Sikio?"

Kuna uongo ambao mtu akishautoa mdomoni hata yeye mwenyewe anauonea haya, anautazama ukianguka chini kama kitu cha mtu mwingine.

"Amekufa," alisema Kasaine hatimaye. "Wote wamekufa. Huyu nimemwazima ili nisikuvunje moyo."

Mzee aliliachia sikio. Akageuka, na macho yake yakaliangukia lile koti, lililokuwa limetundikwa kwenye miiba ya uzio. Katika kuosha vyombo, kufagia na kufukiza, hakuna aliyelikumbuka koti. Akalisogelea, akabandua kitu kidogo kwenye ukosi, akakiinua juani.

"Gamba la perege," alisema.

Basi hapo ndipo aibu ilipoketi katikati yetu kama mgeni mwenye mizigo. Mzee hakupiga kelele. Alizungumza polepole, kila neno likasikika hadi kwa jirani, na majirani walikuwa wamesogea.

"Nilikupa mtoto wangu akiwa ananukia maziwa. Nilikupa ng'ombe. Umeshindwa kufa na ng'ombe wako, sawa, hata wanaume wazuri wameshindwa. Lakini kulisha wajukuu zangu nyoka wa majini! Mbele ya wazee nitasimamaje? Naserian, funga vitu."

"Baba," alisema Naserian, "walikuwa na njaa."

"Funga vitu."

Kasaine alipiga hatua. Mtu mrefu kama yule, alikuwa amejikunja hadi anaonekana mfupi kuliko mkewe. "Paashe, niachie mpaka mvua. Mvua moja tu. Wakiondoka hawa mimi nabaki na nini hapa?"

"Usiniite Paashe," alisema mzee. "Zawadi imekufa. Jina hilo halipo."

Nilimwona Kasaine akifungua mdomo amwite kwa jina jingine. Hakuwa nalo. Huwezi kumwita mkweo kwa jina lake, na lile la heshima amenyang'anywa. Akabaki mdomo wazi, kama wale wale anaowavua.

Nami hapo nikajidai kusaidia. "Lakini mzee wangu," nikasema, "perege anakula majani matupu. Ukimpima vizuri, yeye na ng'ombe ni majirani." Nilitegemea mtu mmoja acheke. Hata mimi sikucheka. Mzee alinitazama mara moja, nikarudi kwenye maharage yangu, nikaona uso unanichoma hadi masikioni, nami si mtu wa kuona haya.

Naserian alitoka ndani na furushi. Alikuwa amelifunga vibaya makusudi, kanga inafunguka, anaifunga, inafunguka. Nashipae alichukua koti la baba yake, lile lile, akalivaa begani, linaburuta. Mdogo wake alikuwa analia bila kujua analia nini. Kasaine alitazama mlango wa nyumba yake kana kwamba anasomewa mashitaka pale.

* * *

Wakati huo huo bodaboda nyingine ikasimama, akashuka binti yangu Agatha na ndoo zake. Agatha anakaanga samaki pale stendi ya Mwanga, na Jumamosi huja kuchukua perege kwangu. Ana moyo mzuri, ila alizaliwa na mdomo wangu na hakuzaliwa na akili ya baba yake. Hakuona furushi, hakuona machozi.

"Mama, hodi, nimekukosa nyumbani! Mzigo uko wa..." Akamwona mzee. Akapiga goti, uso umejaa furaha. "Ee! Shikamoo, babu! Kumbe uko huku! Jana jioni nimekusubiri mpaka nimezima jiko. Vichwa vyako nilikuwekea pembeni."

Mzee Sindato aliangalia nyuma yake, kama anayetafuta huyo babu.

"Umenifananisha, binti."

"Nikufananishe wewe? Wewe si mlinzi wa lile duka la mabati, mkabala na jiko langu? Unayependa vichwa vya perege vyenye pilipili?"

Majirani walikuwa hawapumui. Mdogo wake Nashipae naye akanyamaza.

"Ni mzee mwingine," alisema mzee. "Sisi Wamasai tunafanana."

"Hata ninyi wenyewe mnasema hivyo?" alishangaa Agatha. Ndipo alipoona nyuso zetu, akaanza kurudi kinyumenyume na ndoo zake, na kwa sababu hajui kunyamaza, akajaribu kutengeneza. "Basi labda ni mwingine. Yule wangu masikini ng'ombe wake waliisha wote kwenye ukame, hata zizi ameliuza kuni. Anasema ana binti sehemu fulani ameolewa na mtu mwenye ng'ombe, siku moja ataenda kumwona."

Tukamsikia ng'ombe wa Yonas akitafuna.

Naserian alilishusha furushi. Tangu mama yake afariki, habari zote za nyumbani alizipata kwa sauti ya baba yake kwenye simu, na sauti hiyo kila mara ilisema ng'ombe wazima. Alimsogelea karibu sana, akamtazama midomo, kisha mikono, kisha ile shuka iliyofuliwa.

"Baba," alimuuliza taratibu, kama anayemuuliza mtoto, "zizi letu limejaa?"

"Limejaa," alisema mzee.

"Basi nitajie ng'ombe mmoja aliyezaa mwaka huu. Mmoja tu, na rangi yake."

Mzee alifungua mdomo. Mtu anayejua sikio lililokatwa kwa mkono wa kushoto alitafuta rangi ya ng'ombe mmoja na hakuipata.

"Ulikuwa unatupeleka wapi, baba?"

Mzee Sindato aliitazama fimbo yake, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Naserian akaliinua furushi, akalirudisha ndani.